Kabla ya kuuza shamba la miti kwa ajili ya kifaa cha kifafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa muda sasa limekuwa gumzo makanisani, kwenye vikoba na katika makundi ya WhatsApp ya koo zetu hapa Njombe, Iringa na Mbeya, nalo ni matibabu ya kifafa kwa kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini. Zimesambaa video fupi zinazomwonyesha mgonjwa wa ng'ambo akipitishiwa sumaku kifuani na kuanguka kwake kukakatika papo hapo, na kwa kuwa ni magonjwa machache yanayoichosha familia kama kifafa kisichosikia dawa, michango imeanza kuitishwa ili vijana wapelekwe India. Mimi ni tabibu mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia katika kliniki za kifafa na magonjwa ya akili za ukanda huu. Maoni yangu huenda yasiwafurahishe wanaochangisha, wala wale wanaowacheka.

Nianze kwa kusema kwamba kifaa hicho si utapeli. Kile kinachoonekana kwenye video nyingi ni cha kuchochea mshipa wa fahamu uitwao vagasi, mshipa mrefu unaotoka kwenye shina la ubongo, ukashuka shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Wengi hudhani kazi ya mshipa huu ni kupeleka amri chini, kumbe takribani asilimia 80 ya nyuzi zake hupandisha habari kutoka kwenye viungo kwenda ubongoni, na ni njia hiyo ya kupanda ambayo watafiti waliitumia. Katika miaka ya 1980 Jacob Zabara wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alionyesha kwa mbwa kwamba kuuchochea mshipa huo kunaweza kukatiza mishtuko ya kifafa. Mwaka 1988 binadamu wa kwanza akawekewa kifaa, na mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikakiidhinisha kwa wagonjwa ambao dawa zimewashinda. Kwa hiyo tunazungumzia tiba yenye umri wa kutosha, ambayo wenzetu wameitumia, wameipima na wameijua kasoro zake.

Daktari wa upasuaji hupasua sehemu mbili ndogo. Moja ni upande wa kushoto wa shingo, ambako huuzungushia mshipa waya mwembamba, na nyingine ni chini ya mtulinga wa kushoto, ambako huweka chini ya ngozi betri yenye kompyuta ndogo ndani yake. Upande wa kushoto huchaguliwa kwa sababu vagasi ya kulia ndiyo inayogusa zaidi kasi ya mapigo ya moyo. Kwa mpangilio uliozoeleka, kifaa hutuma umeme hafifu kwa sekunde 30, kikapumzika dakika 5, kisha kikarudia, mchana na usiku, mgonjwa awe shambani au amelala. Ubongo wenyewe haufunguliwi, na tiba hii haina uhusiano na ile ya mshtuko wa umeme ambayo watu wengi huikumbuka kwa hofu wakisikia habari za hospitali za akili. Sumaku nayo ni ya kweli: mgonjwa anayehisi kwamba mambo yanataka kuanza, au ndugu aliye karibu naye, huipitisha juu ya kifaa ili kutoa umeme wa ziada. Kwa baadhi ya wagonjwa tukio hukatika au huwa fupi, na kwa wengine haibadilishi chochote. Hao wa mwisho hakuna anayewapiga video.

Zipo pia njia mbili zinazoingia ubongoni kwenyewe. Ya kwanza ni kupitisha waya hadi sehemu ya ndani iitwayo thalamasi, ambayo ni kituo cha kupitishia habari nyingi za ubongo, na kuichochea mfululizo. Utafiti mkubwa wa njia hiyo ulichapishwa mwaka 2010 na ulihusisha wagonjwa 110 wa Marekani. Wote waliwekewa waya, lakini kwa miezi mitatu nusu yao umeme uliwashwa na nusu haukuwashwa, bila wenyewe kujua. Katika kundi lililowashiwa, mgonjwa wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake walipata nafuu kumzidi na nusu pungufu yake, alipungukiwa na matukio kwa asilimia 40. Katika kundi ambalo halikuwashiwa, kwa asilimia 14 na nusu. Hiyo 14 na nusu nataka msomaji aitazame vizuri, kwa sababu ni nafuu iliyopatikana bila umeme wowote, na ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mkweli kiasi gani, hautoshi kuthibitisha tiba. Wagonjwa wale waliendelea kufuatiliwa, na baada ya miaka mitano punguzo la katikati lilifikia asilimia 69. Marekani iliidhinisha njia hiyo mwaka 2018. Njia ya pili, iliyoidhinishwa huko mwaka 2013, ni kifaa kinachopachikwa ndani ya mfupa wa fuvu chenye nyaya zinazousikiliza ubongo saa zote na kutoa umeme pale tu kinapotambua kwamba dhoruba ya kifafa inaanza. Waliofuatiliwa kwa miaka tisa walifikia punguzo la katikati la asilimia 75.

Takwimu hizo zina jambo moja ambalo video hazilisemi, nalo ni kwamba nafuu huongezeka polepole, kwa miezi na miaka. Ubongo unaonekana kubadilika kidogo kidogo kwa kuchochewa muda mrefu. Anayetarajia kushuka kwenye ndege akiwa amepona atavunjika moyo ndani ya mwezi wa kwanza, na pengine ataanza kuacha dawa zake kwa hasira, jambo ambalo ni la hatari kubwa, kwani kukatisha ghafla dawa kama fenobabitoni kunaweza kumtia mtu katika mishtuko isiyokoma hadi ikamuua.

Tena, punguzo si kupona. Kijana anayeanguka mara kumi kwa mwezi, akipata punguzo la asilimia 70, ataanguka mara tatu. Bado hataruhusiwa kuendesha bodaboda, bado hatavua samaki peke yake Ziwa Nyasa, na bado atameza vidonge asubuhi na jioni. Kwa kifaa cha vagasi, takribani nusu ya wagonjwa hufikia punguzo la nusu au zaidi kadiri muda unavyokwenda, na wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache mno. Ninajua kuna wasomaji watakaoniuliza kama hiyo nayo ni tiba ya kuuzia ng'ombe. Mimi sitaidharau. Nimefunga vidonda vya moto vya kutosha katika wilaya ya Makete, ambako baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu kuzunguka mafiga, na anayeanguka huangukia pale pale walipo wenzake: mkono ndani ya makaa, uji wa moto kifuani, na ndugu wengine wakisita kumvuta kwa kuamini kwamba povu linaambukiza. Mtu wa namna hiyo akiepushwa na matukio saba kati ya kumi amepewa vidole vyake, na mara nyingi amepewa na shule.

Madhara yapo, na yanasemeka. Kifaa cha vagasi hukwaruza sauti kila kinapofanya kazi, kwa sababu tawi la mshipa huo ndilo linaloendesha nyuzi za sauti. Mwingine hukohoa au husikia koo likikaza. Kwa mkulima wa viazi si tatizo kubwa, ila mwimbaji wa kwaya, na hapa kwetu kila nyumba ina mwanakwaya, aambiwe mapema kwamba sauti ya tatu inaweza kumpotea katikati ya ubeti na kurudi baada ya nusu dakika. Waya za ndani ya ubongo zina hatari zake za damu kuvuja na vidudu kuingia kwenye kidonda, na katika ule utafiti wa thalamasi baadhi ya wagonjwa walilalamikia huzuni na kusahau.

Hata hivyo, Mhariri, si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Kilichonisukuma ni swali la nani hasa anaingizwa katika michango hii. Shirikisho la kimataifa la kupambana na kifafa lilikubaliana mwaka 2010 kwamba kifafa kitahesabiwa kuwa sugu pale ambapo dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa kwa aina ya kifafa cha mgonjwa, zikatumiwa sawasawa na mwili ukazistahimili, zimeshindwa kumzuia kuanguka. Kila neno katika kauli hiyo lina kazi. Mbili, si moja. Zilizochaguliwa sawasawa, si zile zilizokuwepo dirishani siku hiyo. Zikatumiwa sawasawa, maana yake dozi ya kutosha, kila siku, kwa muda wa kutosha. Katika utafiti maarufu wa Glasgow, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa walianzishiwa dawa. Karibu nusu yao waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza, wengine kama asilimia 14 kwa dawa ya pili au ya tatu, na baada ya hapo kila dawa mpya iliongeza waliopona wachache sana. Kwa hiyo takribani theluthi moja ya wenye kifafa ndio ambao dawa huwashinda kweli, na kwao kuendelea kubadilishiwa vidonge miaka nenda rudi ni kuwapotezea maisha. Lakini ili umjue aliye katika theluthi hiyo, lazima kwanza dawa mbili zimpitie ipasavyo, na hapo ndipo tulipolala.

Kabla sijastaafu alikuja kwangu mama mmoja kutoka upande wa Lupembe akiwa na mwanawe wa kidato cha pili na bahasha ya vyeti. Walikuwa na ekari mbili za misindano, imebakiza miaka michache ikomae, na mnunuzi wa mbao alikwisha kuizunguka na futi kamba. "Daktari," aliniuliza, "tukiiuza ikiwa bado changa, hela itafika India na kurudi?" Nilimwomba daftari la kliniki. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 48, jalada limeshika masizi ya jikoni, na tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kulikuwa na maandishi yale yale kwa mikono tofauti: fenobabitoni miligramu 30, kidonge kimoja usiku. Ukurasa wa kwanza uliandikwa mtoto akiwa na kilo 13, na kwa uzito huo kidonge kimoja kilimfaa. Siku ile nilimpima, mzani ukasoma kilo 51. Palikuwa pia na miezi ambayo pameandikwa "dawa hakuna, arudi", na tarehe za kuanguka vibaya zilifuata miezi hiyo kama kivuli. "Mama," nilimwambia, "huyu bado hajaanza kutibiwa. Acha miti ikomae." Dozi ilipandishwa hatua kwa hatua kufuatana na uzito, baadaye akaongezwa dawa ya pili, kabamazepini, kwa kuwa kuanguka kwake kulikuwa kunaanzia mkono wa kulia, na misindano haikukatwa. Sisemi habari hii ili kila mzazi akapandishe dozi nyumbani. Dozi ya kifafa ikizidi humlaza mtu na huweza kumziba pumzi. Nasema kwa sababu wahudumu wote walioandika katika daftari lile walikuwa watu waliosomea kazi, na hakuna hata mmoja aliyepewa muda wala mzani wa kujiuliza kama mtoto amekua.

Zipo njia nyingine ambazo kifafa cha kawaida hujifanya sugu. Kuna mgonjwa aliyepewa dawa isiyo ya aina yake: kabamazepini, kwa mfano, inaweza kuzidisha vile vifafa vya mtoto kuduwaa au vya mwili kushtuka kwa ghafla asubuhi. Kuna anayeanguka kwa sababu ya moyo, au kwa sababu ya majonzi na msongo ambao mwili umeubeba, na huyo hakuna dawa ya kifafa wala kifaa kitakachomfaa. Kuna anayekunywa pombe kila Jumamosi akaanguka kila Jumapili. Na kuna hili la kwetu hasa la nguruwe. Tegu wa nguruwe akimaliza safari yake vibaya, mayai yake yakaingia tumboni mwa binadamu kwa maji, mboga au mikono michafu, mabuu yake huweza kujikita ubongoni na kuleta kifafa; Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako nguruwe huzurura karibu na watu, asilimia 30 ya vifafa vinatokana na mdudu huyo. Watafiti waliopima damu za watu katika vijiji vya Mbozi, wakachapisha matokeo mwaka 2013, waliwakuta zaidi ya 15 katika kila 100 wakiwa na dalili za kubeba mabuu hayo mwilini. Mtu kama huyo anahitaji picha ya kichwa kabla ya jambo lolote jingine, na anahitaji daktari anayejua kwamba hata dawa ya minyoo ikitolewa kiholela mabuu yakiwa ubongoni inaweza kuvimbisha ubongo. Choo na banda la nguruwe lenye mlango havijawahi kuchangiwa WhatsApp, ingawa vingezuia vifafa vingi kuliko kifaa chochote nilichokitaja.

Hata pale ambapo dawa mbili sahihi zimeshindwa kweli, kifaa si hatua inayofuata moja kwa moja. Swali la kwanza ni kama kifafa kinaanzia mahali pamoja panapoweza kukatwa. Mwaka 2001 madaktari wa London, Ontario, nchini Kanada walichapisha utafiti wa wagonjwa 80 ambao kifafa chao kilianzia pembeni mwa ubongo, usawa wa sikio: baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa hawapati tena matukio ya kuwapoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na vidonge. Hakuna kifaa cha umeme kilichokaribia hapo. Na upasuaji wa namna hiyo hauko mbali nasi kama watu wanavyodhani, kwani mwaka 2009 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa waliofanyiwa Mbale, Uganda. Kifaa hubaki kwa wale ambao chanzo chao hakijulikani, kiko sehemu nyingi, au kiko mahali ambapo kukata kungewanyima usemi au mkono.

Kwa watu hao wa mwisho sikubaliani kabisa na wakubwa wanaosema vikaoni kwamba vifaa hivi ni anasa ya nchi tajiri. Mwenye kifafa ambaye dawa zimemshinda yumo katika hatari ya kufa ghafla usingizini, na hatari hiyo hupanda kadiri anavyoanguka mara nyingi. Kuna pia sababu ya kwetu ambayo sijaisikia ikitajwa. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya imekuwa ikiongoza kitaifa kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, ambazo ndizo dawa za kifafa zinazopatikana kwa bei nafuu, hulifanya ini liivunje haraka dolutegraviri, dawa ambayo leo ni mhimili wa tiba ya virusi hivyo. Mgonjwa mwenye yote mawili huhitaji kuongezewa dolutegraviri au kubadilishiwa dawa ya kifafa kwa ile ya gharama zaidi, na uwanja wake wa kuchagua ni mwembamba. Kifaa cha umeme hakigombani na dawa yoyote. Siku tutakapoandika mwongozo wa nani apewe kwanza, ningependa mgonjwa huyo afikiriwe.

Lakini kifaa kinahitaji watu. Siku ya upasuaji umeme huwa haujawekwa ipasavyo; huanzwa chini sana, kisha hupandishwa kidogo kidogo kwa wiki na miezi, mtaalamu akishika kifaa cha kusomea juu ya kifua cha mgonjwa na kubadilisha mpangilio kwenye kompyuta. Betri huisha, kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 10 kutegemea matumizi, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine. Mgonjwa akihitaji kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kali, lazima wapiga picha wajue ana nini mwilini, wafuate masharti na mara nyingine wakizime kwanza. Kurudi Ludewa na kifaa ambacho hakuna mtu nchini anayekirekebisha ni kama kupewa redio ambayo kitufe cha sauti kimebaki India. Na kwa familia iliyokwisha kuuza miti, nauli ya safari ya pili haipo.

Kwa hiyo wale wanaoandaa michango, ambao wengi ni watu wema, wakae kwanza na daftari la mgonjwa. Waulize ni dawa gani mbili zimetumika, kwa dozi gani na kwa uzito gani, na kwa miezi mingapi bila kukatika. Waulize kama amepigwa picha ya kichwa na kipimo cha mawimbi ya ubongo, na nani aliyekisoma. Wakiambiwa kwamba kifaa ndicho jibu, wamwombe anayewauzia safari awaandikie jina la daktari wa hapa Tanzania atakayekipandisha umeme na kukikagua, gharama ya betri ya pili, na kiasi cha nafuu anachotarajia, kwa maneno yasiyokuwemo neno "kupona". Katika Marekani kifaa na upasuaji wake hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Anayewatajia bei ndogo sana awaeleze kilichopunguzwa. Na mgonjwa mwenyewe, au mama yake, aanze leo kuandika kila tukio: tarehe, saa, lilianzia wapi mwilini, lilichukua muda gani, na kama siku ile dawa ilimezwa. Wenye simu za kupiga video wamrekodi akiwa ndani ya tukio, pasipo kumsambaza. Daktari bingwa atajifunza zaidi katika dakika moja ya video hiyo kuliko katika bahasha nzima ya vyeti.

Kwa upande wa Serikali, sidai mashine kwanza. Nadai kwamba fenobabitoni na kabamazepini zisikatike katika zahanati hata mwezi mmoja, kwamba mzani uwepo na utumike, na kwamba dawa kama levetiraseta na lamotrijini, ambazo hazisumbuani sana na dawa nyingine, zifike hospitali za wilaya badala ya kubaki katika maduka ya mjini. Baada ya hapo, nchi ambayo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inaweka vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo, ikavikagua na kuvibadilisha betri, haina sababu ya kushindwa kufanya hivyo hivyo kwa kifaa cha vagasi, ambacho kwa umbo na kwa upasuaji ni ndugu yake. Ningependa timu moja ya kitaifa ianze na wagonjwa wachache waliochujwa vizuri, na mtaalamu mmoja wa kurekebisha awe na siku yake ya kliniki Mbeya, ili mtu wa Kyela au Rungwe asilazimike kupanda basi hadi Dar es Salaam kila umeme unapotakiwa kupandishwa. Tunayo tangu mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mpango wa dunia wa kupambana na kifafa, uliopitishwa mwaka 2022, unaishia mwaka 2031.

Naomba gazeti lako liwaulize wahusika, kisha lichapishe majibu yao kwa lugha ambayo mama wa Lupembe ataisoma mwenyewe: mgonjwa wa kifafa aliyeshindwa na dawa mbili sahihi, akiwa Makete au Ludewa, anapewa rufaa kwenda kwa nani, siku gani ya kliniki, na katika safari hiyo bima inalipa kipi na kipi kinabaki mfukoni mwake?

Wako,

Tabibu mstaafu,
Makambako, Njombe